Chakula cha asili cha Kiairishi kwenye sherehe ya shule: tathmini ya jiko moja la Dublin

Mpishi wa shughuli za shule hapimwi kwa kipimo cha mpishi wa hoteli. Hotelini chakula hutoka jikoni na kufika mezani kikiwa bado kinafuka mvuke. Shuleni hupakiwa asubuhi, husafirishwa kwa gari, husubiri hotuba ya mwalimu mkuu na nyimbo za watoto zimalizike, ndipo kinapopakuliwa na kuliwa na mtoto wa miaka sita ambaye pengine hajawahi kukiona. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza si kama chakula ni kitamu kinapoepuliwa, bali ni kama kitakuwa bado kitamu saa mbili baadaye. Kwa kipimo hicho ndipo ninapoitathmini huduma ya jiko moja dogo la magharibi mwa Dublin, ambalo kamati yetu ya wazazi ililikodi kuandaa chakula cha asili cha Kiairishi kwa sherehe ya Mtakatifu Patrick katika shule ya msingi. Jina la jiko silitaji, kwa kuwa pamoja na sifa linazostahili yapo malalamiko, na mojawapo ni zito.

Sherehe yenyewe haifanyiki tarehe 17 Machi, kwa sababu siku hiyo ni sikukuu ya taifa, ya mapumziko kisheria tangu mwaka 1903, na shule huwa zimefungwa. Shule nyingi huifanya siku ya masomo iliyo karibu zaidi kabla yake, ndani ya Seachtain na Gaeilge, tamasha la lugha ya Kiairishi lililoanzishwa mwaka 1902 ambalo siku hizi huanza tarehe 1 na kwisha tarehe 17 Machi. Katika shule yetu wamo watoto ambao wazazi wao walizaliwa Mombasa, Bukavu, Lagos, Kraków na Kerala, pamoja na wale ambao babu zao hawakuwahi kuhama Dublin. Mzazi mgeni akiombwa na kamati apendekeze chakula cha Kiairishi, mara nyingi hutaja kabichi na nyama ya nguruwe, kwa kuwa ndicho alichowahi kusikia, kisha hunyamaza kwa kuwa yeye mwenyewe hakili. Ni kwa ajili ya mzazi huyo hasa ninaeleza kwa urefu kilichofaa na kisichofaa.

Mkate wa soda ndio uliobeba sherehe nzima. Huu ni mkate usiotiwa hamira: unga, chumvi, magadi ya kuokea na yale maziwa mepesi yenye uchachu yanayobaki siagi ikishatolewa, basi. Asidi ya maziwa ikikutana na magadi, hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka papo hapo, na mwokaji hana nafasi ya kusitasita, maana donge likikawia mezani hewa hupotea na mkate hutoka mzito. Ngano inayostawi katika hali ya hewa ya Ireland, yenye mvua nyingi na jua hafifu, ni laini na ina kidogo ya gluteni, ile protini inayolifanya donge livutike. Haufai sana unga wake kwa mkate wa hamira, lakini kwa mkate huu hauna mpinzani. Magadi yalipoanza kupatikana madukani katika karne ya 19, hata nyumba isiyokuwa na tanuri iliweza kuoka mkate ndani ya chungu cha chuma juu ya moto wa mboji kavu iliyochimbwa vinamasini, makaa yakipaliwa juu ya kifuniko.

Jiko lilileta mkate wa aina mbili, mweupe na wa kahawia uliotengenezwa kwa unga usiokobolewa. Yote ilifika imefungwa kwa vitambaa safi vya pamba, wala si kwa plastiki, na hilo ni jambo dogo linalomtambulisha mwokaji anayeijua kazi yake: plastiki huzuia mvuke na gamba likalegea, ilhali kitambaa hulitunza gamba na ndani pakabaki laini. Niligonga kitako cha mkate mmoja kwa kidole, nao ukatoa ule mlio wa uwazi unaothibitisha kwamba umeiva hadi katikati. Msalaba uliochanjwa juu kabla ya kuoka ulikuwa umepanuka hadi pembeni, kiasi kwamba robo nne za mkate ziliachana kwa mkono bila kisu. Jiko liliahidi kuoka alfajiri ya siku ileile, na lilitimiza ahadi. Kati ya mikate bado mlikuwa na uvuguvugu. Ninalisisitiza hili kwa sababu mkate wa soda ni wa siku moja. Ukilala hukauka, na kesho yake haufai ila kwa kuchomwa vipande na kupakwa siagi, kazi ambayo ukumbi wa shule hauiwezi. Anayeagiza mkate huu kwa sherehe aulize saa ya kuokwa kabla ya kuuliza bei.

Siagi iliyokuja nao ilikuwa ya chumvi, yenye unjano uliokolea unaotokana na karotini ya majani mabichi ambayo ng'ombe wa hapa hulishwa sehemu kubwa ya mwaka. Kabla kiazi hakijafika kisiwani mwishoni mwa karne ya 16, maziwa na vyote vitokanavyo nayo, pamoja na nafaka kama shayiri, ndivyo vilivyokuwa chakula cha watu, na wachimbaji wa mboji hadi leo hukuta madonge ya siagi yaliyofukiwa kinamasini, mengine yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 3,000. Mtu akitaka kuwaonyesha watoto chakula cha Kiairishi kilicho cha kale kweli, aanze na siagi kabla ya kiazi. Kasoro ilikuwa moja tu: ilitoka kwenye jokofu ikiwa ngumu, na mtoto mdogo hawezi kupaka siagi ngumu bila kuuvuruga mkate wake.

Mchuzi wa kondoo ulikuwa mzuri kuliko nilivyouonja katika migahawa kadhaa ya katikati ya jiji. Asili yake ni sahani ya watu wasiokuwa na vingi: nyama ya shingo ya kondoo, viazi, vitunguu na maji, vikipikwa taratibu hadi nyama iachane na mfupa. Wapo Waairishi wanaoshikilia kwamba karoti haina nafasi humo, na wapo wasioweza kuufikiria mchuzi huu bila karoti; mimi nawaunga mkono hawa wa pili shughuli inapokuwa ya watoto, kwa sababu karoti huleta utamu na rangi katika sahani ambayo bila yake ni ya kijivu. Mpishi alitumia viazi vya namna mbili, jambo ambalo wapishi wengi wa shughuli hulikwepa ili kuokoa muda. Viazi vya unga aliviweka mapema vikapondeka na kuufanya mchuzi uwe mzito bila kutiwa unga wa ngano, na viazi vigumu aliviweka mwishoni vikabaki vipande vizima vya kutafuna. Ulikuwa umepikwa siku iliyotangulia, ukapoozwa, utando wa mafuta uliogandia juu ukaondolewa, kisha ukapashwa moto. Hapo ndipo mchuzi unapoushinda mkate, kwa maana wenyewe hunufaika kwa kulala.

Nyama ilitoka kwa muuzaji wa nyama halali, kama tulivyoandika kwenye oda, na risiti yake tuliletewa bila kuidai mara ya pili. Si jambo gumu hapa: kiwanda cha nyama halali kimekuwapo Ballyhaunis, katika kaunti ya Mayo, tangu miaka ya 1970, na Dublin ina mabucha ya aina hiyo katika mitaa mingi. Chakula kililetwa katika masanduku ya kutunza joto, na mhudumu alichomeka kipimajoto mbele yetu kabla ya kufungua la kwanza. Mwongozo wa usalama wa chakula nchini unataka chakula cha moto kishikiliwe kwenye nyuzi 63 za sentigredi au zaidi, na mchuzi ulikuwa juu ya kiwango hicho hadi wa mwisho alipopakuliwa.

Sasa nafika kwenye lalamiko zito. Kadi iliyowekwa mbele ya sufuria ya mchuzi iliandika kwamba hauna gluteni. Katika mapishi ambayo jiko lilitutumia awali hilo lilikuwa kweli. Lakini mpishi, pengine ili chakula kitoshe, aliongeza punje za shayiri, kama wafanyavyo wapishi wengi wa hapa, na hakuna aliyebadilisha kadi. Shayiri ina gluteni. Shuleni kwetu yupo mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao humfanya mtu adhurike utumbo kila anapokula chakula chenye gluteni, na mama yake ndiye aliyeziona punje zile zimevimba katikati ya viazi wakati bakuli la mwanawe likiwa tayari limejazwa. Mtoto alinyang'anywa bakuli mbele ya wenzake, akaishia kula tufaha na jibini. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayotumika tangu Desemba 2014 inavitaja vyakula 14 vya kutahadhariwa, na Ireland inataka taarifa hiyo iwe ya maandishi hata kwa chakula kisichofungashwa. Jiko lililijua hilo, ndiyo maana kadi ziliandikwa. Lakini kadi isiyo ya kweli ni hatari kuliko kukosekana kwa kadi, kwa maana mzazi huiamini. Mwenye jiko aliomba radhi kwa mama yule siku ileile na kwa barua baadaye. Radhi ninaipokea, ila haibadilishi tathmini yangu ya upande huu wa huduma.

Kuhusu viazi vilivyopondwa, kosa lilikuwa letu sote tuliovipanga kwenye orodha, na la jiko lililokubali. Colcannon ni viazi vilivyopondwa na kuchanganywa na kale, mboga ya majani jamii ya sukuma wiki, au kabichi, siagi na maziwa ya moto, mara nyingi pamoja na vitunguu vya majani; mtu aliyekulia nyanda za juu za Kenya akionja atasema huyu ni ndugu wa mukimo. Kikitoka jikoni muda huohuo, kikafanyiwa kishimo katikati na siagi ikayeyukia humo, ni chakula kinachomtuliza mtu. Kilichofika ukumbini hakikuwa hicho. Viazi vilikuwa vimekaa ndani ya sinia za alumini zilizofunikwa, vimeshikana vikavutika kama gundi, kale imepoteza ukijani wake na kuacha harufu ya kabichi iliyochemka kupita kiasi, na siagi yote imenywewa bila kubaki dalili. Watoto wengi waliacha. Isitoshe, colcannon kwa desturi ni chakula cha mwisho wa Oktoba, ambapo zamani sarafu na pete zilifichwa ndani yake kwa ajili ya kubashiri bahati, na hakukuwa na ulazima wa kukileta mwezi Machi.

Boxty nayo iliumia kwa sababu ileile. Hii ni chapati ya viazi ya kaunti za Leitrim, Cavan na jirani zake, ambayo nusu ya viazi vyake hukunwa vikiwa vibichi na kukamuliwa, na nusu hupondwa vikiwa vimechemshwa, kisha vikaunganishwa kwa unga na maziwa ya uchachu na kukaangwa. Uzuri wake uko kwenye ukingo uliokauka na kati palipo laini, na ukingo huo haudumu kwenye sanduku lililofungwa. Ladha ilikuwapo, chumvi ilikuwa sawa, ila ilikuwa imelegea. Ninaamini kwamba ingekaangwa papo hapo ukumbini, ingeushinda hata mkate kwa watoto.

Darasa la sita walikuwa wameandaa ubao mdogo kuhusu njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, ugonjwa wa viazi ulipoharibu mavuno, ambapo watu wapatao milioni moja walikufa na wengine kama hao wakahama nchi katika miaka michache. Walieleza pia jinsi serikali ya Uingereza ilivyoagiza mahindi kutoka Marekani, chakula ambacho watu wengi hawakujua hata namna ya kukisaga wala kukipika. Ubao huo uliwekwa kando ya meza ya viazi, na ninadhani palikuwa mahali pake. Ndiyo sababu pia nilisikitika kuona jiko limeongeza, bila kuombwa, vikeki vyenye sukari ya rangi ya kijani kibichi. Rangi ya chupa haimfundishi mtoto lolote kuhusu watu waliokula viazi, maziwa na mkate, na baadhi ya wazazi walilazimika kuvikataa kwa kuwa sera ya lishe ya shule hairuhusu peremende na keki za namna hiyo.

Nyama ya nguruwe na kabichi, ambayo ndiyo sahani ya nyumbani ya sikukuu hii kwa familia nyingi za hapa, hatukuiagiza, wala soseji ya damu, wala coddle ya Dublin ambayo nayo ina soseji na nyama ya nguruwe. Nyama ya ng'ombe ya chumvi inayosifiwa sana ng'ambo ni desturi iliyokomaa miongoni mwa Waairishi wa Marekani zaidi kuliko hapa. Shule inayotaka chakula cha kisiwani isihangaike nayo.

Kitu kilichonifurahisha upande wa vitamu ni brack ya chai, mkate mtamu wa zabibu kavu. Zabibu kavu hulowekwa usiku kucha katika chai ya rangi iliyopoa pamoja na sukari ya kahawia, kesho yake zikatiwa yai, unga na viungo kama mdalasini na kungumanga, kisha zikaokwa kwenye chombo cha kuokea mkate. Haihitaji siagi ndani yake, husafiri bila kuvunjika, na siku ya pili au ya tatu huwa bora kuliko ya kwanza, sifa tatu ambazo kwa shule hazina bei. Ile ya mwisho wa Oktoba huwa na pete iliyofichwa. Tulisisitiza kwamba yetu isiwe na kitu chochote cha kumkaba mtoto, na jiko lilizingatia. Tahadhari nyingine kwa anayeagiza: keki ya matunda inayofanana nayo kwa sura hutiwa bia nyeusi, kwa hiyo muulize mpishi waziwazi ni kimiminika gani kilicholoweka zabibu.

Pudini ya mwani wa carrageen ndiyo iliyokuwa ngeni kuliko vyote, hata kwa watoto wa Kiairishi. Mwani huu huokotwa kwenye miamba ya pwani maji yanapokupwa, huanikwa hadi urangi wake wa zambarau upauke, kisha huchemshwa kwa maziwa na kuchujwa, na maziwa yakipoa huganda yenyewe bila jelatini. Hilo la jelatini ni faida kubwa kwa familia zinazouliza imetokana na mnyama gani. Kinachogandisha ni karajinani, ambayo viwanda vya chakula huitoa pia kwenye mwani unaolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani, Unguja, na nilimwona mama mmoja wa Kizanzibari akiwaeleza watoto wa darasa la nne jinsi unavyofungwa kwenye kamba na kuanikwa. Jiko liliipika kwa ustadi, ikiwa laini yenye ganda la limau na harufu ya bahari ya mbali sana. Vikombe vingi vilirudi nusu, lakini darasa hilo la nne walimaliza vyao, na kwangu hiyo ni sababu ya kuileta tena pamoja na mtu wa kuielezea.

Kuna suala la tarehe ambalo kamati nyingi hulisahau. Mwaka 2024, 2025 na 2026 tarehe 17 Machi iliangukia ndani ya Ramadhani, na kwa Wakatoliki siku hiyo huwa ndani ya Kwaresima, ambapo baadhi ya familia hazili nyama siku ya Ijumaa. Jiko lilitushauri lenyewe, kabla hatujauliza, kwamba watoto waliofunga wafungiwe mkate wa kahawia, siagi na brack waende navyo nyumbani kwa futari, na kwamba mchuzi usifungwe kwa kuwa ungekaa kwenye mabegi saa nyingi bila joto wala baridi ya kutosha. Ushauri huo ulikuwa wa mtu anayewafikiria watu atakaowalisha, na vifurushi vilikuja vimeandikwa vizuri. Wazazi walipewa chai nzito yenye maziwa, na kwa vile chapa kubwa za Ireland huchanganya majani ya Kenya na Rwanda kwa wingi, hakuna aliyehitaji kuzoeshwa ladha yake.

Bei ilikuwa ya haki kwa mkate, mchuzi na brack, na ghali kwa viazi ambavyo havikulika. Kwa oda ijayo kamati imeliandikia jiko kwamba colcannon iondolewe, vikeki visiletwe, siagi itolewe kwenye jokofu mapema, na orodha ya vyakula vya kutahadhariwa iandikwe baada ya chakula kupikwa na kutiwa sahihi na mpishi aliyekipika mwenyewe. Tumeomba pia boxty ikaangwe ukumbini mbele ya watoto. Jiko limekubali yote isipokuwa hilo la mwisho, kwa hoja kwamba umeme wa ukumbi hauwezi kubeba majiko mawili kwa pamoja, na mwalimu mkuu ameahidi kumwita fundi aukague.